Dada Muuguzi Asiye na Cheti

Jumapili moja baada ya ibada, mtoto wa Shule ya Jumapili alizimia uani kwetu kanisani. Kabla sijamfikia, dada aliyekuwa akiosha vikombe alikuwa amekwisha kumlaza kivulini, amemfungua vifungo vya shingoni, amemwinua miguu, naye anahesabu mapigo ya moyo. Mimi ni muuguzi, na mkono wa muuguzi naujua.

"Dada, kazi hii ulisomea wapi?"

Akainamisha macho. "Bukavu, mama. Karatasi ziliungua pamoja na nyumba."

Tulikuwa naye karibu mwaka mzima, tukimpa unga na nguo za watoto, wala hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza anajua kufanya nini. Nami nimo katika lawama hiyo.

Tangu hapo nimezunguka naye vyuoni hapa Nairobi. Kwenye dirisha moja la usajili tuliambiwa tulete cheti halisi chenye muhuri. Tukaeleza habari za moto. Kijana yule, bila ubaya wowote, akarudia: "Leteni cheti halisi." Mpenzi msomaji, aliyekimbia risasi atarudi kuomba muhuri kwa nani?

Lakini njia ipo. Mwaka 2019 shirika la UNESCO lilianza kujaribu nchini Zambia hati maalumu ya elimu kwa wakimbizi. Aliyepoteza vyeti huhojiwa na wataalamu, vipande vya karatasi alivyo navyo hukaguliwa, kisha huandikiwa hati ya kueleza kiwango chake cha masomo. Chuo kikuu chenye wahadhiri wa uuguzi kinaweza kumpima mtu wodini kwa asubuhi moja. Kutafuta mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji hakuigizwi.

Wengine hawawezi hata kulifikia dirisha la usajili, maana wako kambini. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilifungua tawi Dadaab mwaka 2012. Mwaka uliofuata, mradi uitwao BHER uliunganisha chuo hicho na Moi, pamoja na York na British Columbia vya Kanada, ili kuwafunza walimu wa kambini na wenyeji wa hapo. Mengine yalifundishwa darasani, mengine kwa intaneti. Nililopenda zaidi ni kwamba masomo yalipangwa kwa ngazi: cheti, kisha diploma, kisha shahada. Mtu akihamishwa njiani, alichokipata ni chake. Mama aliyewahi kuacha masomo kwa sababu ya mimba anaelewa uzito wa jambo hilo.

Ada ni mlima mwingine. Ujerumani imekuwa ikifadhili wakimbizi vyuoni tangu 1992 kwa mpango uitwao DAFI, chini ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Huko Kanada, tangu 1978, wanafunzi wenyewe wamewadhamini wakimbizi kupitia shirika la WUSC, na katika vyuo vingi kila mwanafunzi huongeza kiasi kidogo kwenye ada yake. Vijana wengi kutoka Dadaab na Kakuma wamesoma kwa fedha hizo. Hata hivyo, mwaka 2019, kati ya vijana wakimbizi 100 duniani ni 3 tu waliokuwa katika elimu ya juu. Lengo lililowekwa ni 15 ifikapo 2030.

Na sisi wake? Wengi wetu tuna mume, kaka au binti anayefanya kazi chuoni. Mwulizeni kama wakimbizi hutozwa ada ya wageni kutoka ng'ambo, na kama chuo kina chumba cha kumwachia mtoto anayenyonya. Ufadhili ulio mnono haumfai mama asiye na pa kumlaza mtoto saa nne za mhadhara. (Chumba hicho kingewafaa hata binti zetu, tusijidanganye.)

Mwezi uliopita chuo kimoja kilikubali kumpima dada yetu kwa mahojiano na kwa vitendo. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama angepata kuazima sare yangu. Ni kubwa kwake, kwa hiyo fundi wetu wa Umoja wa Wanawake anaipunguza kiunoni. Siku hiyo watoto wake wawili watakaa kwangu. Yule mdogo, nimeambiwa, hali uji wenye sukari.