Mbolea ya Bata, Kisima na Mtoto Mchanga

Leo mada yetu ni kinyesi cha bata. Usicheke, na tafadhali usizime redio.

Kinyesi cha bata kina nitrojeni, kirutubisho kinachoyapa mahindi na sukuma wiki rangi ya kijani. Lakini nitrojeni haikai mahali pamoja. Mbolea ikiachwa juani, sehemu yake hugeuka hewa iitwayo amonia, ile inayochoma pua ukifungua kibanda asubuhi. Sehemu nyingine hugeuka nitrati udongoni. Nitrati huyeyuka kama chumvi, na mvua huizamisha ardhini hadi kwenye maji ya kisima.

Kila nchi hupoteza nitrojeni hii kwa njia yake. China ndiyo yenye bata wengi zaidi duniani, na tangu jadi hufugwa vidimbwini na kwenye mashamba ya mpunga. Bata wachache hurutubisha mpunga. Wakiwa maelfu katika kidimbwi kimoja, uchafu hubebwa hadi mtoni. Marekani waliliona hilo miaka ya 1950 katika kisiwa cha Long Island karibu na New York. Uchafu wa mashamba ya bata uliteremka hadi kwenye ghuba, maji yakajaa mwani, na uvuvi wa chaza ukaharibika.

Uholanzi mifugo ni wengi na ardhi ni ndogo. Mkulima wa huko hutakiwa kuchanganya mbolea na udongo mara anapoimwaga, ili amonia isipotee hewani. Tena sheria ya Umoja wa Ulaya ya 1991, kwa maeneo ambayo maji yako hatarini, iliweka kikomo cha kilo 170 za nitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka, yaani karibu kilo 69 kwa ekari.

Kwetu Kenya mara nyingi shamba lina njaa. Utafiti uliochapishwa 1993 ulikadiria kuwa mashamba ya Kisii yalipungukiwa na kilo 112 za nitrojeni kwa hekta kila mwaka, kwa sababu ya mavuno, mmomonyoko na mvua. Hiyo si hesabu ya bata, ni ya shamba lote. Lakini hebu tazama boma: bata hupenda maji, basi kibanda chao hujengwa karibu na kisima. Hapo nitrojeni inazidi, na hatua chache kando mahindi yana majani ya manjano.

Sasa sikiliza vizuri, mama mwenye mtoto wa chini ya miezi sita. Mwaka 1945, huko Iowa, Marekani, daktari Hunter Comly alieleza habari za watoto wachanga waliogeuka rangi baada ya kupewa maziwa yaliyokorogwa kwa maji ya kisima yenye nitrati nyingi. Tumboni mwa mtoto nitrati hubadilika na kuizuia damu kubeba oksijeni. Kwa ngozi yetu nyeusi, angalia midomo, ufizi na kucha: huwa na rangi ya samawati au kijivu. Mtoto hulegea na kuhema kwa shida. Mkimbize hospitalini mara moja, kwani dawa ipo.

Wengi husema, "Mimi huchemsha maji." Vema, endelea, kwa sababu kinyesi cha bata kina vijidudu pia. Lakini kuchemsha hakuondoi nitrati. Maji yakipungua sufuriani, nitrati iliyobaki huwa kali zaidi. Dawa ya kutibu maji haiiondoi pia. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 50 kwa lita, na huwezi kuionja wala kuiona. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita hanyweshwi maji hayo kabisa.

Kibanda cha bata na rundo la mbolea viwe angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko. Funika rundo kwa nailoni au majani ya migomba. Siku ya kupeleka mbolea shambani, ifukie siku hiyo hiyo kwa jembe. Na kama bata ni wako lakini kisima ni cha jirani, zungumzeni kabla mvua ya masika haijaanza.