Mbwa Wako Jike: Amua Mapema

Ndugu mkulima, bila shaka unaye mbwa wa kulinda boma lako. Ni vema. Lakini kama ni jike, liko jambo moja ambalo yakupasa kuliamua mapema: je, atazaa au hatazaa?

Fanya hesabu. Mbwa jike huanza kutaka dume akiwa na umri wa miezi 6 hadi 12, na wale wa mwili mkubwa huchelewa zaidi. Baadaye hali hiyo humrudia karibu mara mbili kwa mwaka. Mimba yake ni ya siku 63 hivi. Akizaa watoto 5 kila mara, kwa mwaka utakuwa na watoto 10 mlangoni. Utawalisha nini? Majirani wakiwakataa, wengi hutupwa sokoni au kando ya barabara. Wakikua hutembea kwa makundi na kuua kuku na kondoo, hata wa yule aliyewatupa.

Iko hatari kubwa zaidi, nayo ni kichaa cha mbwa. Dalili zake zikisha kuonekana kwa mtu, ni nadra sana apone. Mpango wa Kenya uliotolewa mwaka 2014 wakusudia kuukomesha ugonjwa huu kwa wanadamu ifikapo 2030, hasa kwa kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Lakini mbwa asiye na mwenyewe ni nani atakayempeleka kuchanjwa? Kila wanapozidi hao, hesabu ya waliochanjwa hupungua, na watoto wetu ndio wanaoumwa njiani.

Kama hutaki watoto wa mbwa, mwondoe kizazi, kama unavyohasi ndama dume usiyetaka awe fahali. Kazi hii ni ya daktari wa mifugo peke yake. Humlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, akampasua tumbo kidogo na kukitoa kizazi.

Wakati gani? Kwa mbwa wa kawaida, miezi 5 au 6, kabla hajataka dume mara ya kwanza, ni wakati mzuri. Hapo hatari ya uvimbe wa matiti uzeeni hupungua sana. Mbwa wa mwili mkubwa yafaa angoje akomae, mwulize daktari. Kama ameanza kutoka damu, usimpeleke siku hizo, kwa maana mishipa yake imejaa damu. Mfungie ndani majuma matatu, kisha ngoja miezi miwili au mitatu. Mbwa mzima aliyekwisha kuzaa pia aweza kuondolewa kizazi, nawe utamwepusha na usaha wa kizazi, ambao huua majike wengi.

Wengine husema ni lazima azae kwanza mara moja. Si kweli. Wengine husema hatabweka tena. Atabweka na kulinda kama zamani, ila hunenepa upesi; basi mpunguzie chakula. Ni kweli kwamba kazi hii ina gharama, na wengine wakizeeka hushindwa kuzuia mkojo. Pima faida na hasara, kisha uamue.

Ukikubaliana na daktari, fuata amri yake juu ya kumnyima chakula kabla ya kupasuliwa. Baadaye mweke mahali pakavu siku 10 hadi 14, asikimbie wala kulamba kidonda. Ukiona usaha au mshono umefumuka, mrudishe mara moja.

Kumbuka, kuondolewa kizazi si chanjo. Mchanje tangu miezi 3, na kila mwaka baadaye.

Zungumza na majirani zako katika skimu. Mkiwa wengi, mwombeni daktari aje siku moja awahudumie mbwa wenu wote pamoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.