Tumbo la Mzazi: Si Uvivu, Wala Si Mimba Nyingine

Mama mmoja, jirani yangu, alikwenda bombani kuteka maji miezi minne baada ya kujifungua mtoto wake wa tatu. Mwenzake mmoja katika foleni akamtazama tumboni, akamwambia kwa furaha, "Hongera, shoga! Naona mtoto umekwisha kumpatia mwenziwe." Jirani yangu alicheka, akajitwika dumu lake la lita 20, akarudi nyumbani kulia.

Hakuwa na mimba. Mumewe alikuwa amekwisha kumwuliza swali hilo hilo, na mama mkwe wake alikuwa amemletea dawa ya minyoo. Yeye mwenyewe alikuwa amenunua sokoni mkanda wa mpira, akaukaza hata akashindwa kumaliza chakula chake. Tena kila alfajiri, kabla watoto hawajaamka, alikuwa akilala sakafuni na kujiinua kifua mara 50, kama alivyoona wanafunzi wakifanya shuleni. Tumbo halikurudi. Kila alipojiinua, katikati ya tumbo ulitokeza mgongo mrefu, kutoka chini ya kifua hadi kitovuni, mfano wa paa la nyumba, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko maneno ya watu.

Tulipofika kliniki, muuguzi hakuhitaji mashine. Alimlaza, akaweka vidole vyake juu ya kitovu, akamwambia ainue kichwa kidogo. Vidole vinne viliingia katikati ya tumbo, pasipo na msuli. "Misuli imeachana," akasema. "Hii ni kazi ya mimba. Huna ugonjwa wala kosa." Nimeona vyema habari hii isiishie kwa jirani yangu peke yake, maana kina mama walio na hali kama yake ni wengi mno, na aghalabu hakuna awaambiaye.

Mbele ya tumbo la kila mtu, mume kwa mke, pana misuli miwili mirefu iliyosimama sambamba, kushoto na kulia. Huanzia mbavuni na kushuka hadi mfupa wa kinena. Katikati yake misuli hiyo imeunganishwa na utando mweupe mgumu, wa namna ya kano, kama vile pande mbili za vazi zinavyounganishwa kwa mshono. Mimba inapokua, mfuko wa uzazi husukuma kwa mbele, na homoni za mimba huulegeza utando huo upate kunyumbuka. Haukatiki wala hauchaniki; hutanuka na kuwa mwembamba. Misuli nayo huenda kila mmoja upande wake. Madaktari huita hali hiyo kwa neno la Kigiriki, diastasisi, maana yake kutengana.

Isifikiriwe kwamba hali hii huwapata wachache wenye bahati mbaya. Wataalamu wa Ureno waliowapima wajawazito na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015 walikuta kwamba, ilipofika wiki ya 35 ya mimba, misuli ilikuwa imeachana kwa kila mwanamke waliyempima. Huko Norway, mwaka uliofuata, ilichapishwa habari ya kina mama 300 waliozaa kwa mara ya kwanza. Wiki sita baada ya kujifungua, 60 katika kila 100 walikuwa bado na nafasi hiyo. Baada ya mwaka mzima walibaki kama 33 katika kila 100. Hao ni wazazi wa mtoto mmoja mmoja, tena katika nchi ambayo maji hayatekwi kwa kichwa.

Kwa hiyo mwili wenyewe hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kurudisha, hasa katika wiki nane za kwanza. Baada ya hapo mwendo hupungua. Kadhalika mzazi asilichanganye jambo hili na mfuko wa uzazi. Mara tu baada ya kuzaa, mfuko huo huwa na uzito wa kilo moja hivi, na mkunga huugusa karibu na kitovu. Hujikunja wenyewe, na kunyonyesha huusaidia kujikunja, hata baada ya wiki sita hivi ukawa na uzito usiozidi gramu 100. Tumbo la siku ya tatu, basi, si tumbo la kuhukumiwa na mtu yeyote.

Mama aliyekwisha kutimiza wiki sita au zaidi aweza kujipima mwenyewe. Alale chali, akunje magoti, nyayo zikanyage chini. Aweke vidole vya mkono mmoja juu kidogo ya kitovu, vimeelekea miguuni. Kisha ainue kichwa polepole, mabega yakianza tu kuacha mkeka, na hapo atahisi kingo mbili za misuli zikibana vidole pande zote. Ahesabu ni vidole vingapi vinaingia baina yake. Afanye hivyo tena kwenye kitovu penyewe na chini yake. Nafasi ya kidole kimoja au viwili haina neno. Ikizidi hapo, au vidole vikizama kana kwamba chini hakuna kitu kigumu, afaa kumwona mtaalamu. Aliyepasuliwa asijipime kabla kidonda hakijapona vizuri.

Hapa nataka kuzungumza juu ya mkaja, kwa kuwa ndipo nionapo kwamba tumepoteza jambo.

Kwa watu wa pwani, mkaja ni kitambaa kirefu anachofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua. Heshima yake ni kubwa hata jina lake limeingia katika ndoa: binti anapoposwa, mama yake hupewa zawadi iitwayo mkaja, kumbukumbu ya tumbo lililombeba. Mzazi aliyefungwa mkaja alikuwa pia ndani ya arobaini yake. Hakuteka maji, hakutwanga, hakuchanja kuni. Aliletewa uji, akaogeshwa, akakandwa. Mtoto akipokewa na bibi yake ili mama apate kulala. Kitambaa kilikuwa kimoja tu kati ya mambo mengi aliyotendewa.

Siku hizi tumechukua kitambaa, arobaini tumeiacha. Mikanda ya mpira inauzwa kila soko, yenye picha ya mwanamke mwenye kiuno cha nyigu, na mama huivaa siku ya tano huku akibeba ndoo. Wataalamu hawaukatazi mkanda moja kwa moja. Ukifungwa kwa kiasi, katika wiki za mwanzo, huushika mgongo na kumfariji mama anapokohoa au kusimama. Lakini mkanda hauiunganishi misuli. Ukikazwa mno huzuia pumzi, na shinikizo la tumbo likikosa pa kwenda hushuka chini, kwenye misuli ya msamba, ambayo nayo imetoka katika kazi ngumu ya uzazi. Kipimo chake ni rahisi: anayeshindwa kuvuta pumzi ndefu au kula akashiba, amejifunga kupita kiasi.

Na maji ya moto? Joto la kiasi hupunguza maumivu ya mgongo, na sina ugomvi na bibi zetu kwa hilo. Ila maji yanayochemka yakimwagwa au kubandikwa juu ya tumbo huunguza ngozi, na wapo waliolazwa kwa sababu hiyo. Hayatoi damu iliyobaki. Damu hutoka yenyewe mfuko unapojikunja. Juu ya kidonda cha upasuaji yasiwekwe kabisa.

Kinachosaidia hasa ni kuamsha msuli wa ndani kabisa, ambao wengi hawaujui kuwa wanao. Huzunguka tumbo lote kama mshipi, na hufanya kazi pamoja na misuli ya msamba. Zoezi la kuuamsha halina kishindo. Mama hulala chali, magoti yamekunjwa, mkono mmoja tumboni. Huvuta pumzi kwa pua, tumbo likijaa. Kisha huitoa polepole kwa mdomo, huku akikirudisha kitovu ndani taratibu kuelekea uti wa mgongo, na wakati ule ule akiikaza misuli ya chini kana kwamba anazuia mkojo. Ahesabu hadi tano, aachie, apumzike. Mara kumi zatosha kwa awamu moja, na awamu mbili au tatu kwa siku. Pumzi isizuiwe. Aliyejifungua kwa njia ya kawaida aweza kuanza siku chache baada ya kuzaa ikiwa haumwi. Aliyepasuliwa amwulize kwanza daktari wake. Uzuri wake ni kwamba, akikwisha kulizoea, hata akikaa kunyonyesha hulifanya, na hakuna atakayejua.

Baada ya wiki kadhaa ataongeza. Akiwa amelala vile vile, atoe pumzi na kutelezesha kisigino kimoja mbele hadi mguu unyooke, aurudishe, kisha wa pili. Halafu ainue nyonga kutoka kwenye mkeka, ashushe polepole. Alama ya kumwongoza ni ule mgongo wa katikati: zoezi lolote linaloufanya utokeze ni zito kuliko nguvu alizo nazo wakati huo, basi aliahirishe.

Je, kujiinua kifua kama alivyofanya jirani yangu ni sumu? Kwa miaka mingi wataalamu walikataza kabisa, na mimi mwenyewe niliamini hivyo. Mwaka 2023 ilichapishwa kazi nyingine kutoka Norway, ambamo kina mama wenye misuli iliyoachana walifanya mazoezi ya kujiinua kwa wiki 12 chini ya mpango maalumu, wakianza pole pole. Nafasi baina ya misuli haikupanuka. Haikupungua pia, ila misuli ilipata nguvu. Kwa hiyo si haramu; lakini mara 50 alfajiri, bila kuanzia chini, kwa mwanamke aliyelala saa tatu usiku kucha, si hekima.

Matokeo hayo yana faraja nyingine. Kina mama wengi huhesabu vidole kila siku kama mtu ahesabuye deni. Nafasi yaweza kubaki vidole viwili na nusu, na mwanamke akawa na nguvu, mgongo usimwume, akabeba mtoto wake na kulima shamba lake. Wale 300 wa Norway waliulizwa pia juu ya maumivu ya mgongo na nyonga. Waliokuwa na nafasi hawakulalamika kuliko wasiokuwa nayo.

Zaidi ya mazoezi, kuna namna ya kufanya kazi za kila siku. Asiinuke kitandani kwa kujikurupusha kifua mbele. Ageuke ubavu kwanza, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono. Akiinua ndoo, aisogeze karibu na mwili, akunje magoti, atoe pumzi wakati wa kuinua. Ajitahidi asipate choo kigumu, kwa kunywa maji na kula mboga za majani, ndizi mbivu na mapapai, maana kujikamua chooni husukuma pale pale palipolegea. Maharage, dagaa na mayai hujenga misuli na utando, ingawa hakuna chakula wala dawa ya kunywa inayofunga nafasi yenyewe. Na dawa ya minyoo ni ya minyoo.

Yako mambo ambayo mama hawezi kuyafanya peke yake. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba, baada ya kuzaa mtoto hai, ipite angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Tumbo linalotanuliwa tena kabla halijakaza huanza safari likiwa nyuma. Hilo ni la mume na mke kuketi na kuzungumza, kisha waende pamoja kliniki. Kadhalika mizigo mizito kwa wiki sita za kwanza. Mume wa jirani yangu, alipoelezwa na muuguzi maana ya vidole vinne, alinyamaza njia nzima. Kesho yake alilichukua dumu mwenyewe. Wapo waliomcheka bombani, na kwa siku mbili tatu alikwenda usiku. Baadaye akazoea kwenda mchana. Mkewe, baada ya miezi mitano ya mazoezi yale ya pumzi, alibaki na vidole viwili, na mgongo umeacha kumsumbua. Tumbo lake si lile la usichana, na yeye haliulizi tena.

Kuna wachache ambao nafasi hubaki kubwa na kuwazuia kazi hata baada ya mwaka wa juhudi. Hao waweza kushonwa na daktari wa upasuaji, lakini aghalabu hushauriwa wangoje mpaka wamemaliza kuzaa, kwa kuwa mimba nyingine yaweza kulitanua tena.

Mwisho, msomaji asiyachanganye haya na ngiri. Katika kuachana kwa misuli, tumbo hutokeza kama mgongo mrefu, laini, usiouma, unaotoweka mtu akilala ametulia. Ngiri ni uvimbe wa mahali pamoja, mara nyingi kitovuni, kwa sababu pana tundu ambamo utumbo au mafuta ya ndani hupenya. Mama anayeuona uvimbe wa namna hiyo auonyeshe kliniki, hata kama hauumi. Na ukiwa mgumu ghafula, ukauma, ukakataa kurudi ndani, au rangi yake ikabadilika, au mama akaanza kutapika na kukosa choo, huo ni utumbo ulionaswa. Aende hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku, na asikandwe.