Mteja anayekubeba leo, kesho anaweza kuhama

Wauzaji wenzangu, leo siongelei picha wala bei. Naongelea kutegemea mteja wa sehemu moja.

Mimi ni wa Ngara. Enzi za ujamaa ajira ya maana ilikuwa ya serikali, na baba alikuwa mwalimu. Mchuuzi alionekana mlanguzi. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi: ukikutwa mjini huna kazi inayotambulika, unapelekwa kijijini kulima. Kuanzia 1986 biashara ikaanza kufunguliwa, ila mshahara wa mwalimu haukufika hata nusu mwezi.

Aprili 1994, Wanyarwanda zaidi ya 200,000 wakavuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi. Kambi ya Benaco ikawa kama jiji. Mashirika ya misaada yakatafuta madereva, walinzi, makarani, wauguzi. Watumishi wa serikali wakaacha kazi, na baba naye akaacha chaki akawa mtunza stoo. Mashambani, wakimbizi walilima kwa ujira mdogo. Mwenye shamba akafurahi, kijana wetu wa vibarua akakosa pa kushika.

Mama alipeleka ndizi Benaco, wakimbizi wakazibadilisha kwa mahindi ya msaada. Saa nne asubuhi mzigo umeisha! Lakini siku ya gulio alirudi kijijini kwa wateja wake wa zamani. Baba akamcheka: unaacha hela kambini unafuata senti huku? Mama akajibu, "Baba watoto, wale ni wageni. Mgeni ana siku ya kuondoka."

Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao. Stoo ikafungwa, na shuleni nafasi ya baba ilishajazwa. Ada zetu zikalipwa na gulio la mama.

Mwaka jana nilisahau hilo. Asali yangu ya Biharamulo niliiuza karibu yote kwenye grupu moja la WhatsApp. Siku lilipofungwa nilikaa wiki nzima bila oda.

Sasa nafanya hivi:

1. Namba ya kila mteja naiandika kwenye daftari.
2. Kila mwezi naangalia oda 10 za mwisho zimetoka wapi. Zikiwa 8 sehemu moja, natafuta gulio lingine.
3. Mteja wa zamani namsalimia hata biashara ikiwa moto.

Wewe oda zako 10 za mwisho zimetoka wapi?