Uvira: Rezo ikikatika Kilibula, si kila mara antene ndiyo imekufa

Katika mtaa wa Kilibula, mjini Uvira, rezo ikipotea watu huinua macho kwanza kuelekea antene. Mmoja anasema mafuta ya jenereta yamekwisha, mwingine anasema ni SNEL, wa tatu analaumu mvua. Wakati huo mama aliyekuja kutoa pesa kwa M-Pesa anasubiri, na motari anasubiri kulipwa. Mara nyingi mmoja wa hao watatu huwa na haki. Lakini iko sababu nyingine isiyoonekana kwa macho: mstari mmoja ulioandikwa vibaya katika mashine iliyo mbali kabisa na Kilibula.

Nyuma ya kila antene kuna ruta na seva, na ndani ya kila mashine hiyo kuna kitu kama daftari. Humo mumeandikwa anwani za mashine, njia ambazo ujumbe unapaswa kupita, na nani aruhusiwe kuingia. Wataalamu huliita hifadhidata ya mipangilio. Mashine haina akili nyingine zaidi ya daftari hilo. Likisema njia ya kwenda Bukavu haipo, basi haipo, hata kama mnara umesimama na moto unawaka.

Kwa miaka mingi wainjinia waliandika daftari hizo kwa mkono, amri moja baada ya nyingine, kila ruta peke yake. Juni 2002, watu wanaoendesha mitandao walikutana na wale wanaotunga kanuni za intaneti, wakawaambia wazi kwamba kanuni iliyokuwapo, SNMP, inafaa kuangalia mashine lakini haisaidii sana kuzipanga. Jibu lilitoka Desemba 2006 kwa jina la NETCONF, likarekebishwa Juni 2011. Hiyo ni intafesi ya programu, yaani mlango ambao programu moja hupitia ili kusoma na kubadilisha daftari la mashine nyingine kwa utaratibu unaojulikana.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuelewa kwa yeyote aliyewahi kutunza daftari la madeni. Kwanza unalifunga, ili mwenzako asiandike wakati mmoja nawe. Kisha, kwa mashine zenye uwezo huo, unaandika kwenye nakala ya pembeni, si kwenye daftari linalotumika. Mashine inakagua kama maandishi yana maana. Mwishoni unathibitisha, na mabadiliko yote yanaingia kwa pamoja au hayaingii kabisa.

Kinachowagusa zaidi watu wa Uvira ni kipengele kimoja cha kanuni hiyo. Injinia aliyeko Bukavu au Kinshasa anafika kwenye ruta ya Uvira kwa kupitia mtandao uleule anaoubadilisha. Akikosea, amekata tawi alilokalia: hana tena njia ya kurudi kusahihisha. Itabidi mtu apande gari, apite mteremko wa Ngomo kwenye barabara ya taifa namba 5, na kila dereva wa njia hiyo anajua maana yake wakati wa mvua. Kwa hiyo kanuni inaruhusu uthibitisho wa masharti. Mabadiliko yanaingia, saa inaanza kuhesabu. Injinia asipothibitisha tena ndani ya sekunde 600, yaani dakika 10, mashine inarudi yenyewe kwenye mipangilio ya zamani. Kilibula ingekaa kimya dakika 10 badala ya siku nzima.

Hata makampuni makubwa huumia. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika duniani kote kwa muda wa saa 6 hivi. Ilikuwa amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida. Programu iliyopaswa kuikagua ilikuwa na kasoro, ikaiacha ipite. Wainjinia hawakuweza kuingia kwa mbali, ikabidi waende wenyewe kwenye vituo. Tarehe 8 Julai 2022 ikawa zamu ya Canada. Kampuni ya Rogers iliondoa kichujio kimoja katika mipangilio ya ruta zake, na wateja zaidi ya milioni 12 wakakosa huduma kwa saa 26 hivi. Malipo kwa kadi yalikwama, na hata wafanyakazi wake walitatizika kuwasiliana kwa sababu walitegemea mtandao huohuo ulioanguka. Wauzaji wengi wa pesa kwa simu Uvira, wanaofanya kazi na kadi za makampuni mawili au matatu, wangeweza kuwapa somo.

Intafesi hizi zina hatari yake. Zamani kosa la mkono liliharibu ruta moja. Leo programu moja inaweza kupeleka kosa lilelile kwa mashine mia kabla injinia hajamaliza chai yake.

Na kuna kukatika ambako si kosa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kote kwa amri ya serikali, ikarudi baada ya siku 20 hivi. Hapo kadi mbili za simu hazikusaidia kitu, maana amri ilikuwa kwa makampuni yote. Minara ya Uvira haikuguswa na mtu.