Mkono wa Kiharusi Haufai Kupumzishwa

Wengi waliouguza mtu wa kiharusi wameliona hili: mkono uliokuwa umelala tu unaanza kukunja vidole, na nyumba nzima inafurahi. Mgonjwa akipewa kikombe anakishika. Akiambiwa akiachie, hawezi. Kushika hurudi mapema, kuachia hukawia, na chanzo kiko ubongoni.

Amri ya kusogeza vidole hutoka katika ukanda mwembamba wa gamba la ubongo, ambamo kiganja na vidole vimepewa nafasi kubwa kuliko kiwiliwili chote. Neva nyingi zinazoibeba amri hiyo huvuka upande wa pili kabla ya kuingia kwenye uti wa mgongo, ndiyo maana kiharusi cha kushoto hupoozesha mkono wa kulia. Njia hiyo ikiharibika, ubongo huegemea njia nyingine zinazopitia shina lake. Hizo zinaweza kuukunja mkono kwa pamoja, lakini kukinyoosha kidole kimoja ili kufunga kifungo cha shati si kazi yao.

Kinachonisikitisha ni kwamba sehemu ya ulemavu huo huzidishwa na kutotumika. Mmarekani Edward Taub alichunguza tumbili waliokatwa neva za hisia za mkono mmoja. Waliuacha kabisa, ingawa neva za kuusogeza zilikuwa nzima. Alipoufunga ule mwingine, wakaanza kuutumia mkono uliodhaniwa umekufa. Walikuwa wamejifunza kutoutumia.

Mwaka 1996, Randolph Nudo na wenzake walionyesha kinachotokea ndani. Tumbili walioharibiwa kipande kidogo cha eneo la mkono ubongoni, wakaachwa bila mazoezi, walipoteza hata sehemu ya eneo lililosalimika. Waliozoezwa kuchokoa chakula kwenye vishimo vidogo walilihifadhi, na kwa baadhi yao likaenea hadi sehemu zilizokuwa za kiwiko na bega.

Kwa binadamu, utafiti wa Steven Wolf na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2006, ulihusisha wagonjwa 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla. Wale wa kundi la tiba walivishwa glavu nene kwenye mkono mzima kwa wiki mbili, karibu muda wote wa kuwa macho, huku ule dhaifu ukipewa kazi saa nyingi kwa siku. Mwaka mmoja baadaye, bado walikuwa wakiutumia vizuri kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Majumbani kwetu mapenzi hufanya kinyume. Mama analishwa, anavishwa, anashikiwa hata tasbihi. Mkono wa kulia ndio wa kula na kusalimia, na ukishakuwa mzito watu huona haya kwa niaba yake, wakauficha chini ya kanga. Naomba tuuache ushike kitambaa, upanguse meza, ushiriki kukunja nguo, hata kazi ikichukua asubuhi nzima.

Tiba ya glavu si ya siku za mwanzo, na huhitaji kifundo na vidole viweze kunyanyuka japo kidogo. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye wa kupima hilo. Na mkono ambao haujasogea kabisa usivutwe wakati wa kumwinua mgonjwa: misuli ya bega imelegea, na kiungo huchomoka upesi.