Kuanza kuunda modeli ya data: tujifunze kwa gunia la kahawa

Chukua gunia moja la kahawa safi lililo tayari kusafirishwa kutoka Kagera. Je, unaweza kusema limetoka kwenye mashamba yapi?

Swali linaonekana dogo, ila mnunuzi wa Ulaya atatakiwa kulijibu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1115 ya mwaka 2023 inakataza kuingiza sokoni kahawa iliyolimwa kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Inataka pia kila shamba lionyeshwe kwa latitudo na longitudo. Tarehe ya kuanza kuitekeleza imeshasogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini swali liko palepale.

Karagwe na Kyerwa kahawa nyingi ni robusta, na inalimwa kwenye vibanja vidogo pamoja na migomba. Mkulima anachuma, anaanika, kisha anapeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi, yaani AMCOS. Inapimwa, anapewa stakabadhi, halafu kahawa yake inachanganywa na ya majirani na kwenda kiwandani kukobolewa. Kuanzia hapo huwezi kuitambua kwa macho. Kinachobaki ni kumbukumbu, na kumbukumbu zinahitaji modeli ya data.

Modeli ya data ni makubaliano tu: tunatambua vitu gani, kila kimoja kina sifa zipi, na vinahusianaje. Mwaka 1970 Edgar F. Codd wa IBM alipendekeza data zipangwe kwenye majedwali yanayohusiana. Mwaka 1976 Peter Chen akaonyesha namna ya kuchora vitu na mahusiano yake. Majukwaa ya data ya viwandani, yanayokusanya mahali pamoja taarifa za mashine, maghala na ofisi, bado yanatumia mawazo hayo. Haya, twende hatua kwa hatua.

1. Anza na swali, siyo na jedwali

Andika kwanza maswali ambayo mfumo lazima uyajibu. Letu ni hili: gunia hili limetoka vibanja vipi? Taarifa isiyosaidia kujibu swali lolote kati ya uliyoyaandika, iache kwanza.

2. Tenganisha vitu na matukio

Wengi huanza na Excel, mstari mmoja kwa kila mkulima: jina, kijiji, ukubwa wa shamba, kilo. Inakwenda vizuri mpaka aje mkulima mwenye vibanja viwili. Au kibanja kimoja ambacho leo kahawa yake inaletwa na mume, kesho inaletwa na mke. Sasa utaandika wapi?

Mkulima ni kitu kimoja. Kibanja ni kitu kingine. Kuleta kahawa ni tukio, lenye tarehe, kilo na namba ya stakabadhi. Ukilazimisha mtu mmoja awe na kibanja kimoja, wa kwanza kupotea ni yule mama anayelihudumia shamba kila siku huku daftari likiwa na jina la mumewe peke yake.

3. Namba ya utambulisho isibebe habari

Majina yanafanana, na namba za simu zinabadilika. Kwa hiyo kila kitu kipe namba yake ya kudumu. Ila usiingize ndani yake wilaya wala kata. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Tuseme mkulima wa Nkwenda alipewa namba inayoanza na KAR. Baada ya mgawanyo namba hiyo inadanganya, na ukiibadilisha unakata uhusiano wake na stakabadhi zote za zamani.

Tena, chama kikuu cha ushirika KDCU kina jina la Karagwe lakini kinahudumia wilaya zote mbili. Kwa hiyo wilaya na ushirika ni vitu viwili tofauti kwenye modeli yako.

4. Kuchanganya nako ni tukio

Wanaoanza wengi wanakwama hapa. Kukoboa kuna mafungu yanayoingia na mafungu yanayotoka, hivyo rekodi pande zote mbili. Kahawa ya maganda ikikobolewa hubaki takribani nusu ya uzito wake. Tuseme zimeingia kilo 10,000 na zimetoka kilo 7,000. Hapo kuna kitu: ama mizani ina shida, ama kuna kahawa iliyoongezwa njiani bila kuandikwa.

Hili lina uzito kwa sababu kanuni ile hairuhusu kuchanganya kahawa inayojulikana ilikotoka na isiyojulikana. Magunia machache yasiyo na asili yanatia shaka mzigo mzima, pamoja na kahawa ya wakulima waliofuata kila utaratibu.

5. Vipimo viandikwe wazi

Debe, gunia, kilo: chagua kilo, kisha sema ni kilo za maganda au za kahawa safi. Na angalia ramani. Karagwe iko karibu na latitudo -1.5 na longitudo 31. Ukisahau alama ya kutoa, shamba linahamia Uganda, upande wa Ziwa Albert. Ukibadilishana namba hizo mbili, linahamia jangwani Algeria. Weka sharti mfumo ukatae namba zilizo nje ya eneo lenu.

6. Mashine zije mwishoni

Joto la mota ya kinu likipimwa kila dakika ni data za aina nyingine: mlolongo wa namba na saa zake. Usizirundike kwenye jedwali la wakulima. Ziunganishe na mashine, mashine iunganishwe na tukio la kukoboa. Sasa unaweza kuuliza fungu fulani lilikobolewa na kinu kipi, na siku hiyo kinu kilikuwa na hali gani.

Kabla hujafungua programu yoyote, chukua karatasi. Chora mkulima, kibanja, stakabadhi, fungu na gunia, kila kimoja kwenye kisanduku chake, na mishale kati yao. Weka kidole kwenye gunia, urudi nyuma mshale kwa mshale. Ukifika kibanjani bila kukwama, modeli yako iko tayari kuingia kwenye kompyuta. Ukikwama, umeshajua ni karani yupi wa AMCOS wa kwenda kumuuliza.